Divai ya Kambo Ngoie

Mwezi uliopita, ku ndoa ya mujukuu wangu, vijana balifungua chupa ya divai nyuma ya mugongo wangu, na harufu ilinifikia mbele sijageuka. Munajua ile harufu: tamu kidogo, chungu kidogo, sawa matunda yaliyosahauliwa chini ya kitunga. Nilifunga macho. Nikasikia mutoto mumoja anasema, "Kambo amelala, mumutolee sahani yake." Kambo, ni kusema nyanya, ni mi. Sikulala, na sahani nilikuwa bado naitaka. Nilikuwa nimerudi mutaa wetu wa Makomeno, mu kanisa yetu ya matofari, niko na miaka kenda ao kumi (mama hakuandika, na mi sikuuliza), na mu mikono yangu kikombe ya bati, nyeupe, na mustari ya bulu ku mudomo wake. Mahali pamoja rangi ilikuwa imebanduka, na pale palikuwa peusi, sawa kunde moja imeshikamana na kikombe.

Vijana ba kanisa yetu banabishana sana siku hizi, kama mukristo anapashwa kutii sheria ya serikali wakati inapingana na imani yake. Huyu analeta mustari wake wa Biblia, ule analeta wake, banarushiana sawa batoto na mawe. Mi sina mistari mingi. Nilisoma mpaka mwaka wa pili, kisha mama akazaa mapacha na mi nikabebeshwa mumoja. Lakini niko na ile siku ya Mungu, ile Jumapili, ya Makomeno, na nitawaeleza yote, hata pale mi mwenyewe nilikuwa mubaya.

Ilikuwa kiisha vita ya pili ya bazungu. Mji ulikuwa bado unaitwa Elisabethville. Baba alikuwa anatengeneza magari ya moshi, na nyumba yetu ilikuwa nyumba ya kazi: vyumba viwili, jikoni inje, na bomba ya maji moja kwa nyumba kumi. Asubuhi king'ora ya kazi inalia, banaume bote banatoka mara moja sawa siafu. Magaribi banarudi na mafuta meusi mpaka ku viwiko, na mama anamusugua baba mikono na muchanga na sabuni. Baba alikuwa muntu wa kuogopa. Sisemi vile kumuzarau. Alikuwa anaogopa kwa ajili yetu, sawa mwenye kubeba mayai mu mufuko anavyotembea.

Mama yangu, Rahaeli, bantu balimuita Mama Malita, kwa sababu Malita ni mi, muzaliwa wa kwanza. Alikuwa mufupi, na sauti yake ilikuwa ya chini, na akisema jambo halirudie. Ku kanisa alikuwa mutumishi wa Meza ya Bwana: alikuwa anapika mukate, anafua kitambaa, anasugua kile kikombe na majivu, na alikuwa anachunga ufunguo wa kabati. Ule ufunguo ulikaa ku shingo yake na kamba. Hata akioga hakuutoa. Mi ninajua, nilikuwa namumwangia maji.

Sasa musikie sheria yenyewe, maana bajukuu bangu nikibaambia banacheka, banazani ninatunga. Siku zile muntu mweusi hakukuwa na ruhusa ya divai. Pombe ya mahindi, mu bar, kwa saa yake, sawa. Divai hapana. Divai ilikuwa ya bazungu. Mweusi akikutwa na chupa, buloko, ni kusema gereza, na kama nyumba yake ni ya kazi, inaweza kukamatwa. Lakini Bwana Misionere wetu, ule muzungu mwenye kichwa chekundu, kila mara ya Meza ya Bwana alikuwa analeta divai, anamimina, anainua, na sisi bote banaume na banamuke tunakunywa kidogo kidogo, na hakuna polisi aliyekohoa. Mu mukono wake ile divai ilikuwa kitu ya Mungu. Mu mukono wetu ilikuwa kosa. Chupa ni ile ile.

Hatukufikiri sana juu ya ile jambo, mpaka siku bibi ya Misionere alipougua na balirudishwa kwabo. Kanisa nzima tulienda ku Luano, ku kiwanja cha ndege, kwa miguu kubaimbia ku lupango, ule uzio wake, na ndege iliwasha mashini yake, ikakula wimbo wetu yote. Nguo za banamuke zilipanda juu. Mwalimu Yeremia, aliyebaki kutuongoza, alipoteza kofia yake, haikuonekana tena mpaka leo. Misionere alisema mwenzake wa Kipushi atakuwa anakuja kutupatia Meza. Ule wa Kipushi alituma barua: iko na makanisa mingi, njia ni matope, atakuja mvua ikiisha. Na mu kabati yetu, nyuma ya vitabu vya nyimbo, ilibaki chupa moja nzima.

Ni pale Kambo Ngoie alifika.

Kambo Ngoie alikuwa mama ya mama yangu. Alitoka ku kijiji kwa gari ya moshi, na kifua kinamukula, na kitunga yenye kuku mumoja aliyekufa mu njia kwa sababu ya joto, na Kambo hakukubali kumutupa. Daktari wa kazi alimusikiliza mugongo na akamwambia mama maneno mafupi. Ile usiku mama alimuuliza Kambo kama anataka Yesu. Kambo akauliza Yesu anaombaka nini. Akafundishwa majuma sita, akabatizwa mu muto Kafubu, Mwalimu Yeremia anamushika huku na mashemasi babili banamushika kule, na alipotoka mu maji aliuliza, "Na chakula?"

Maana balimufundisha kwamba kiisha ubatizo kunakuja Meza. Kambo maisha yake yote alikuwa muchungaji wa nyumba ya mizimu kwabo. Alijua mambo ya namna hii. Unafika, unapokelewa, unakula na mwenyeji. Kama hujakula na yeye, bado uko pa mulango. Kila siku ya Mungu alivaa kitambaa chake cheupe, akaketi ku mukeka mbele ya nyumba na kifua chake kinalia sawa mulango, akangojea kuitwa. Mifupa ya mabega ilikuwa inatokea kila juma zaidi. Hata mi mutoto niliona kama hatafika mwisho wa mvua.

Mwalimu Yeremia alikuja kwetu kuzungumza. Alikuwa muntu muzuri, mwembamba, mwenye kupanguza uso kila mara. Alisema: mama, tutafanya na chai. Chai ya rangi, na sukari nyingi. Mungu anaangalia moyo. Mama alienda kumueleza Kambo, na mi nilifuata. Kambo alikuwa analala na uso ku ukuta. Alisikia yote, akageuka pole pole.

"Rahaeli. Miaka yote ile nilipeleka pombe kwa mizimu. Njaa ilikuja, tukakula mizizi. Nilibapelekea maji hata siku moja?"

"Hapana, mama."

"Mizimu, bale munasema ni bure, sikubadanganya. Sasa huyu munasema ni Mungu wa kweli, nianze naye na chai?"

Alikohoa muda murefu, kisha akasema, "Tena mi sipendi chai." Na akageukia ukuta.

Nilicheka mpaka nikatoka inje. Mama hakucheka. Nilimuona amesimama pa mulango, anashika ufunguo ku shingo, anaufinya sawa muntu anayepima kama tunda limeiva.

Kesho yake alivaa kitenge chake cha kanisa na akaenda ku biro ya Bwana Mukubwa wa mji. Alinipeleka mi nibebe pacha. Tulingojea ku benchi tangu asubuhi mpaka jua likakaa juu ya kichwa. Mama alibeba kadi ya ubatizo ya Kambo mu karatasi ya sukari. Karani, mweusi sawa sisi, alitafsiri. Mama alieleza yote bila kuficha: chupa iko mu kabati, muzungu hayuko, muzee wetu anakufa, tunaomba karatasi ya ruhusa ya siku moja tu. Ule muzungu hakuwa mukali. Aliangalia kadi, akacheka kidogo, akasema neno, na karani akatafsiri.

"Bwana anasema mutumie chai. Anasema Yesu wenu hatajua."

Mama alikunja kadi mu karatasi yake. "Umwambie nimekuja. Umwambie nimeomba. Asiseme kesho kwamba hakujua." Na tulitoka. Mu njia, karibu na bomba yetu, akasema, peke yake, "Atajua."

Ile magaribi baba alikataa kusuguliwa mikono. Aliketi na mafuta yake.

"Mama Malita, hii nyumba si yetu. Ni ya kazi. Bibi akifungwa, kesho yake banatia kufuli."

"Tutalala inje. Yesu pia hakukuwa na nyumba."

"Yesu hakukuwa na batoto sita."

Mama alikubali kwamba ile ilikuwa kweli. Alisema, "Baba Malita, wewe unaniuliza kama sheria ni kubwa. Ni kubwa. Kila siku ninaitii. Ninafagia mbele ya nyumba wakati bananiambia kufagia, ninapeleka batoto kupigwa sindano, siku polisi anaomba buku ya kitambulisho ninamupatia buku. Lakini mama yangu iko pa mulango ya Bwana na ufunguo niko nao mi. Nitamuacha pale?" Baba aliangalia mikono yake. Alisema tu kwamba yeye hatakuja ku kanisa. Mi nilikuwa nimelala chini ya meza na nilisikia yote, na nilikuwa upande wa baba. Sikutaka kulala inje. Ni vizuri muijue.

Siku ya sita, ile ya mbele ya siku ya Mungu, mama alinipeleka kwa Kaporali Samweli.

Kaporali Samweli alikuwa polisi, na alikuwa jirani, na alikuwa sauti nene ya kwaya yetu, yote mu muntu mumoja. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu. Muntu murefu, na mbele ya kazi alikuwa anapaka viatu vyake mate na kiwi mpaka sisi batoto tunaona meno yetu mule. Mama aliingia, mi nikaachwa inje na batoto bake, tulicheza mawe. Balikaa sana. Mi nilijua mama ameenda kufanya nini: ameenda kumuomba afumbe macho. Ni ndugu, nilisema mu roho, atafumba. Mama alipotoka, Samweli alimusindikiza mpaka pa njia, na uso wake ulikuwa sawa wa muntu aliyebebeshwa gunia na hajaona pa kuliweka. Hakutusalimia. Na mi usiku ule nililala vizuri.

Sasa siku ya Mungu yenyewe. Mvua ilikuwa imepita asubuhi, na bati ya kanisa ilikuwa inatoa moshi. Kulikuwa shida ya kumufikisha Kambo. Hakuweza kutembea tena, na baba, hata kama angekuja, hangeweza kumubeba: mukwe hagusi mama ya bibi yake, ile haiko mu mambo ya kubishana. Tulikuwa tumesimama pale na Kambo ku mukeka, amevaa kitambaa cheupe, wakati Kaporali Samweli alitokea. Amevaa nguo za kazi, kaptula na mukaba na kofia nyekundu. Aliinama, Kambo akapanda ku mugongo wake sawa mutoto, na tukaenda. Kambo anamupiga bega na kumuambia mugongo yake ni mifupa tupu, na kumuuliza bibi yake anamulisha nini. Samweli akajibu, "Chai, Kambo." Bote babili balicheka. Nilitembea nyuma yabo na nilikuwa na furaha, maana niliona kila kitu kimetengenezwa.

Mu kanisa, mashemasi balikuwa bamefunga madirisha na mulango, na bantu balikuwa mu giza, banajipepea. Mama aliweka mukate juu ya meza. Kisha alienda ku mulango na akaufungua wote, na akaweka jiwe chini usijifunge. Alifungua dirisha moja moja. Bantu ba njia balikuwa banapita na vélo zabo, zile baisikeli, banaangalia ndani. Shemasi mumoja alimunong'oneza, mama akasema kwa sauti ya kila siku, "Hatuibe kitu."

Alitoa ufunguo ku shingo. Kabati ililia. Alisimamisha chupa mu mwangaza, akavuta kizibo na meno, na ile harufu ikajaa mu kanisa, banangu, mpaka batoto badogo balinyamaza. Mwalimu Yeremia alisoma maneno. Lakini alipofika pa kumimina, mikono yake ilikataa. Alipanguza uso, akamuangalia mama, akasema pole pole, mbele yetu bote, "Mama, niko na batoto." Hakuna aliyemucheka. Mama alimimina mwenyewe. Alinipatia kikombe na kunituma kwa Kambo, kwa sababu Kambo alikuwa amesema anataka kupokea ku mukono wa damu yake.

Kile kikombe kilikuwa kizito kuliko siku zote. Kambo alikula mukate kwanza, bila meno, muda murefu, na kanisa yote inamungojea. Kisha alishika kikombe juu ya mikono yangu na akakunywa. Si kidogo kidogo sawa Misionere alitufundisha. Alikunywa sawa mugeni aliyetoka mbali. Nilivuta kikombe, akavuta. Alipoachilia, alipanguza mudomo na akasema, kwa Kiluba, na kila muntu alisikia: "Sasa nimefika."

Kiisha Kambo balikuja bengine, banamuke kwanza, kisha banaume. Mwalimu Yeremia alikunywa na alikuwa analia. Nilimuona baba pa mulango, na nguo zake za kazi, amesimama juu ya lile jiwe. Sijui alifika saa gani. Aliingia, akakunywa, akarudi pale pale pa mulango. Na wa mwisho alikuwa Kaporali Samweli. Alitoa kofia yake nyekundu, akaiweka ku kiti, akaja mbele, akapiga magoti na viatu vyake vilivyong'aa vinaangalia kanisa yote. Alikula. Alikunywa. Alirudi ku nafasi yake, na wimbo wa mwisho alituimbia ile sauti yake ya chini mpaka benchi ikatetemeka.

Tukasema amina. Alikamata kofia, akaivaa, akainyoosha. Alienda ku meza, akachukua chupa iliyokuwa na kidogo chini, akairudishia kizibo. Akasema, "Mama Malita, ninakukamata kwa sheria ya divai. Tuende ku polisi."

Niliona bantu banafungua midomo. Mama alikuwa tayari amevua kitambaa cha kazi ya Meza, anakikunja. Alinivalisha ufunguo ku shingo. Ulikuwa na joto ya mwili wake. "Usilie. Umupeleke Kambo ku kivuli, umupatie maji. Pacha mwenye kulala kushoto anakula kwanza." Na balitoka, Samweli na chupa yake, mama na mikono mitupu, babili bega kwa bega katikati ya njia, mu jua la saa sita, na baba nyuma yabo anabeba shali ya mama. Mi nilisimama pale na kikombe. Nilikuwa nachukia ule mwanaume kuliko nilivyopata kuchukia kitu. Amekunywa, nikasema. Amekunywa kwanza, kisha akamukamata.

Mama alipewa siku saba. Balimufagiza lupango ya biro, ile ile alikoenda kuomba karatasi. Siku ya ine ya zile saba Kambo Ngoie alikufa, asubuhi, bila kelele, na mukono ku kitambaa cheupe. Mama aliomba kuja kuzika, balikataa. Banaume ba kanisa balichimba, na Kaporali Samweli alikuwa kati yabo, na nguo za nyumbani, anachimba kuliko bote. Mukirudi ku malalo, ku makaburi, kama munavyojua, munanawa mikono mbele ya kuingia mu lupango ya nyumba. Ni mi nilishika beseni. Kila muntu alinawa. Samweli alipofika, alinyoosha mikono yake yenye udongo mwekundu, na mi nilivuta beseni. Nilimuangalia mu macho na nikamwanga maji yote chini. Kisha aliinama, akasugua mikono mu majani, akaenda kwake bila kuingia.

Nyumba balitukamatia, sawa baba alivyosema. Tulihamia ku cité, mutaa usio wa kazi, mu chumba kimoja cha kulipa, na baba alibakia na kazi yake kwa sababu hakuna mwengine aliyejua zile mashini. Hakumwambia mama hata siku moja, "Nilikuambia." Magaribi alimunyooshea mikono tena, isuguliwe.

Misionere alirudi mwaka ule ule, na bibi yake mwenye afya, na balimueleza. Sisi tulizani atafurahi. Alikasirika. Alisimama mbele na akasoma ile mistari ya kutii bakubwa ba inchi, vijana banaijua, na akaweka mama chini ya azabu: mwaka muzima bila Meza ya Bwana. Mama alisimama, akasema, "Nimesikia." Hakusema "Nimetubu." Misionere alingojea, na mama alikuwa ameketi tayari.

Mwaka ule wote alitembea na miguu kutoka cité mpaka Makomeno. Alipika mukate. Alisugua kikombe na majivu. Na Meza ikianza, aliondoka mbele, akaenda kuketi ku benchi ya mwisho, karibu ya mulango, kusudi asishiriki. Na kila mara, Kaporali Samweli alikuja na kuketi pale pale ku ile benchi, pembeni yake. Hakuwa tena na nguo za polisi. Alikuwa anachunga vélo za bantu ku soko. Mi niliona, na mu roho yangu ya mutoto nilifasiria: bamemutuma amulinde mama, asisogelee kikombe.

Miaka ilipita, niliolewa, nilizaa. Nilikuwa bado namupita Samweli ku soko bila kumusalimia, na yeye ananitolea kofia. Siku moja mama alikuwa pamoja na mi, mutoto wangu ku mugongo, na aliona. Alinisimamisha pale katikati ya bauza samaki.

"Malita, huyu muntu alikukosea nini?"

Nilimwambia, na hasira yote ya miaka ile. Mama alinisikiliza, kisha akasema, "Ni mi mwenyewe nilimuita. Ile siku ya sita, mu nyumba yake. Nilimuambia, kesho tutakunywa divai. Ninakuambia kwa sababu uko polisi, na ninakuita kwa sababu uko ndugu. Akasema, Mama Malita, nitakuja na yote mbili."

"Na ile magaribi," mama akasema, "aliandika karatasi yake. Mi nilisimama mbele ya meza, nilimuona. Pa kuandika mweusi aliyekunywa divai, akaandika jina yangu. Mustari wa chini, akaandika jina yake. Mukubwa wa polisi alimwambia aikate, wewe hatukukuona. Alisema, mi nilijiona."

Balimutoa alama za ukaporali ku mukono, kisha kazi. Na Misionere alipoweka azabu juu ya mama, hakumuita Samweli, maana hakuna aliyemushitaki ku kanisa. Alienda mwenyewe. Alisema, na mi nilikunywa, na akawekwa chini ya azabu ile ile.

Vijana bananiuliza, Kambo, sasa jibu ni gani, tutii ao tusitii? Mi ninabaambia bakae chini kwanza. Ninaona mulango na jiwe chini yake. Ninamuona mama anatembea mu jua na mikono mitupu, hakimbie sheria, haiombe musamaha. Na ninaona ile benchi ya mwisho, bantu babili hawaruhusiwi kukula, kitabu cha nyimbo kimoja kati yabo, mumoja anaimba juu, mumoja anaimba chini. Nilizani anamulinda.

Ile siku ku soko nilirudi. Sikuwa na beseni. Nilinunua maji ya mama mumoja muuza maji, kopo nzima, nikamupelekea Samweli pale pa vélo zake, na alinyoosha mikono yote mbili bila kuniuliza ni ya nini.